Wazazi Walikubali kwa Kauli Moja

Mwanangu alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, kidumu kitupu mkononi. Maji waliyapokea. Yeye ndiye aliyerudishwa.

Nilikuwa uani nachambua maharage. Nilipomwona nikadhani anaumwa, maana mwaka uliotangulia alilazwa kwa nimonia na akapoteza karibu muhula mzima. Nikamshika shingo. Haikuwa na joto.

"Mama, nimeambiwa nirudi na debe."

"Debe la nini?"

"La mahindi. Wenye debe wamebaki. Sisi tumeambiwa twende tukachukue."

Alisema "tukachukue" kana kwamba debe lilikuwa limesahaulika nyuma ya mlango. Alikuwa darasa la nne. Mtihani wa taifa ulikuwa wiki tatu mbele, na kila asubuhi mwalimu wao alikuwa anafanya nao marudio: kugawanya kwa njia ndefu, mafumbo, insha. Darasa la nne ukifeli unarudia. Mtoto aliyekwisha kukosa muhula kwa ugonjwa, umkoseshe na wiki tatu za marudio, umemfelisha. Hilo halihitaji mtaalamu.

Na mahindi hayakuwepo. Nalima nusu eka ya kukodi upande wa Pito, na nilichovuna Juni niliuza Julai kulipa mbolea na kodi ya chumba. Tulishahama Katandala tukaja huku pembeni ya mji kwa sababu kodi ni nafuu. Baba yake yuko Kipili kwenye biashara ya dagaa, simu yake inapatikana siku anayotaka yeye. Kilichobaki ndani kilikuwa unga wa wiki mbili.

Nilifunga kitenge, nikamwambia abaki afanye hesabu, nikaenda shule kwa miguu. Upepo wa Oktoba ulikuwa unasukuma vumbi barabarani na mimi nilikuwa nasukuma maneno kichwani. Ada imefutwa, kila redio inasema. Ni kweli, ada imekufa. Ila ukoo wake wote uko hai: mchango wa mlinzi, mchango wa karatasi za majaribio, fagio, kidumu, jembe siku ya Alhamisi, kuni, na sasa debe la mahindi.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, koti kubwa mabegani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Karibu ukae."

"Sikai. Mwanangu yuko nyumbani kwa ajili ya mahindi. Nataka kujua nani alikubali hilo debe."

"Wazazi walikubali."

"Wazazi gani? Nionyeshe mmoja."

Hakupandisha sauti. Alivuta faili kutoka kwenye rafu, akafungua kamba, akalowesha kidole, akapekua, kisha akaligeuza kuelekea kwangu.

"Soma mwenyewe, mama. Wewe unasoma vizuri."

Ulikuwa mwandiko wangu.

*Wazazi walikubali kwa kauli moja, kwa kupiga makofi, kuchangia debe moja la mahindi kwa kila mwanafunzi.* Chini yake, jina langu na sahihi yangu, na neno katibu nililolipigia mstari kwa rula. Nyuma ya karatasi hiyo, kwa pini, karatasi za mahudhurio zenye sahihi za watu wote na alama za dole gumba za wasiojua kuandika.

"Sasa," alisema, "nikimwacha mtoto wa katibu, hao wengine watanielewa?"

Nilitoka bila kuaga. Sijawahi kutoka ofisi ya mkubwa bila kuaga.

Kikao kile kilikuwa Agosti, siku ya baridi ambayo hata jua la saa sita halikutosha. Tulikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mstaafu mwenye kofia ya sufu, aliuliza nani ataandika. Mtu akasema, "Yule binti wa fomu foo." Wakageuka wote. Nikapewa kalamu na daftari.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Tangu nimalize fomu foo hakuna mtu aliyewahi kunipa kalamu kwa kazi yoyote. Nimepewa jembe, nimepewa ndoo, nimepewa mimba. Siku ile nikakaa meza moja na walimu, nikaletewa soda ya chungwa peke yangu, na wenzangu waliokuwa wanatetemeka kwenye madawati wakaniona.

Mahudhurio yalisainiwa mapema, wakati watu wanaingia, kabla neno moja halijasemwa. Baadaye mwalimu mkuu akaeleza habari ya uji: watoto wanaanguka kwa njaa saa nne, wanasinzia, tuchange debe. Akamaliza. Hakuna aliyejibu. Kisha wale mama na bibi waliotoka mashambani wakainamisha vichwa na kupiga makofi yetu yale ya Ufipa, viganja vimekunjwa, taratibu, mara mbili tatu. Mtu mkubwa akiongea unampigia makofi hayo. Unamwambia umemsikia na unamheshimu. Hayasemi umekubali kutoa kitu. Nimezaliwa hapa, najua hilo kama ninavyojua njia ya chooni kwetu.

Mwenyekiti akainama sikioni kwangu. "Andika, walikubali kwa kauli moja kwa kupiga makofi."

Nikaandika. Sikusita hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mwandiko usipinde.

Ndiyo maana siku ile ya kidumu kitupu nilitembea kurudi nyumbani bila kumwona mtu wa kumtukana. Kila niliyemtafuta niligonga jina langu.

Jirani yangu anayeuza vitumbua aliposikia akaja na wazo la haraka. "Chukua debe kwangu, utalipa ukivuna. Mtoto arudi darasani leo hii."

"Nikilipa, nimekubali tena."

"Shoga, mtihani haujali kama umekubali au hujakubali."

Alisema kweli. Hasira ilikuwa yangu na bei alikuwa analipa mtoto. Usiku huo nilikaa naye nikajaribu kumfundisha kugawanya kwa njia ndefu, nikagundua wanagawanya tofauti na tulivyofundishwa sisi. Alifuta, akaandika, akafuta hadi karatasi ikatoboka. "Mwalimu hafanyi hivyo," alisema, mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia. Nikamwambia nipe siku nne. Sijui kwa nini nilisema nne. Kikao kingine cha wazazi kilikuwa Ijumaa, labda ndiyo sababu.

Kesho yake nilichukua daftari nikaanza kuzunguka kwa wenzangu. Nilitaka kujua ile sentensi yangu imewafanyia nini. Sikuuliza shilingi. Nilikuwa nauliza swali moja: hilo debe ulilitoa wapi?

Nilijibiwa vitu ambavyo haviandikwi kwenye faili la shule. Mmoja alikwenda kupalilia shamba la mtu siku tatu, akalipwa mahindi, na siku hizo tatu binti yake mkubwa wa darasa la sita alibaki nyumbani kulea kichanga. Umeona? Ili mmoja anywe uji shule, mwingine hakwenda shule. Yule wa vitumbua alipunguza ukubwa wa vitumbua, na wateja wakamhama. Mwingine alinifukuza. "Si uliandika wewe? Soma hapo ulipoandika!" akabamiza mlango, mlango ukarudi wenyewe, akabamiza tena.

Niliyetaka kumwona zaidi alikuwa bibi mmoja anayelea mjukuu wake wa kike, deski moja na mwanangu. Nilimkuta shambani Pito, anafukia nyasi kwa jembe kutengeneza matuta, yale matuta yetu ya mviringo ambayo nyasi huozea ndani zikawa mbolea. Hakuacha kulima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu tena?"

"Nimekuja kuuliza. Mjukuu wako yuko darasani?"

"Yuko. Nilipeleka debe."

"Ulilitoa wapi?"

Akanyoosha mgongo, akaelekeza jembe kwenye matuta aliyoyamaliza. "Mbegu ya hapa hiyo."

Alisema mvua zikianza atapanda maharage kwanza, Mungu ataona kuhusu mahindi. Nilisimama nikiangalia safu ya matuta yaliyokuwa yanangoja mbegu iliyokwisha kuliwa na darasa zima kwa vikombe.

"Bibi, siku ile ya kikao, wewe ulikubali?"

"Nilikubali nini?"

"Ulipiga makofi."

"Mkubwa kaongea, nikapiga makofi. Ulitaka nimsonye?" Akacheka, meno mawili mbele, kisha akaacha kucheka. "Wewe si mtoto wa hapahapa? Hukujua?"

"Nilijua."

"Basi ulichoandika uliandika ukijua."

Akarudi kwenye nyasi zake. Sikupewa ruhusa ya kuondoka wala ya kubaki.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya kata, kwa afisa elimu, mwanamke wa umri wangu au anizidi kidogo, kucha zimepakwa rangi, mezani kikombe cha chai kimefunikwa kwa daftari. Alinisikiliza. Akasema michango ni ya hiari na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo liko wazi. Nikamwambia basi piga simu sasa hivi.

"Dada, nikipiga, mwalimu ataniambia wazazi wenyewe walikubali, na muhtasari anao. Umeusaini wewe."

"Muhtasari ni wa uongo."

"Muhtasari ukiwa na kosa unasahihishwa kwenye kikao. Ajenda ya pili kila mara ni nini?"

Sikujua. Nimekuwa katibu bila kujua.

"Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Huwa wanairuka. Kesho usikubali irukwe." Akainua daftari, akanywa chai. "Ila ujue, ukisimama pale, uongo utakuwa wako. Si wa mwalimu."

Nyumbani mwanangu alikuwa amepanga vitabu vyake mlangoni kama mtu anayesubiri usafiri. Alikuwa amenakili kazi za siku nne kutoka kwa yule rafiki yake, mjukuu wa bibi, lakini nilipomuuliza amezielewa akasema amezinakili.

Ijumaa upepo uliendelea. Watu walikuja wengi kwa sababu ilisemekana majina ya wasiochangia yatasomwa. Mwenyekiti akafungua kwa sala, kisha akasema, "Muhtasari uliopita tuuchukulie umesomwa, tuingie kwenye mambo ya msingi."

Nikasimama. "Haujasomwa, mwenyekiti."

"Mama katibu, muda."

"Mimi ndiye katibu. Naomba nipewe niusome."

Mwalimu mkuu akafungua faili akanipa. Nafikiri alidhani nitajiaibisha nikae. Nilisoma tarehe, nikasoma mahudhurio, nikasoma ufunguzi. Nilipofika kwenye debe nikasoma sentensi nzima, kisha nikasema, "Hapa niliandika uongo. Hakuna aliyekubali. Watu walinyamaza, kina mama wakapiga makofi ya heshima, na mimi nikaandika wamekubali kwa sababu niliambiwa niandike hivyo. Nami nilijua sivyo."

Halafu madawati yakalia yote kwa pamoja.

"Mwongo mkubwa!"

"Debe langu nani atanirudishia?"

"Ulipokuwa unakunywa soda mbona hukusema?"

"Ilikuwa ya chungwa, mimi nilimwona!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliuma kuliko matusi. Mwanaume mmoja wa nyuma akasema kwamba hivi ndivyo unavyopata ukimpa msichana kalamu. Nikamjibu kwamba mbona yeye miezi miwili alikuwa anaibeba hiyo sentensi bila kuomba kuisoma. Mwenyekiti alipiga meza kwa funguo. Kofia yake ya sufu ilikuwa imekaa upande, wala hakukana kwamba aliniambia niandike. Aliangalia tu viatu.

Mwalimu mkuu akasimama. Nilitegemea afoke. Alivua koti, akalikunja juu ya kiti, akaongea kama mtu aliyechoka siku nyingi.

"Mnasema elimu bure. Sawa. Fedha ya ruzuku ikija hapa nanunua chaki, nanunua karatasi, natengeneza kitasa, imekwisha. Haina mpishi ndani yake. Haina kuni. Haina uji. Nilipofika shule hii watoto walikuwa wanaanguka mstarini, ninyi hamkuwepo, mimi ndiye niliyewaokota. Kama debe ni la uongo, basi liondoke. Jumatatu moto hauwashwi. Andika na hilo, mama katibu, uandike kwa ukweli."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeingia pale nikiwa na adui, na adui akanionyesha sufuria tupu.

Bibi wa Pito ndiye aliyenyanyuka. Alishika bega la mtu wa mbele yake ili asimame. Hakupiga makofi safari hii.

"Mwalimu, mimi sikusoma, nina swali dogo. Mtoto asiye na debe mkimrudisha nyumbani, uji wake anakunywa nani?"

Watu wakanong'ona. Mwalimu akasema uji ni wa waliochangia.

"Basi unamwokota anayeanguka, halafu unamrudisha nyumbani aangukie huko?"

Alikaa. Kuanzia hapo kikao kilikuwa kikao. Mmoja akasema hana mahindi ila ana ulezi. Mwenyekiti akasema mpango ulikuwa mahindi, na sauti kama tano zikamuuliza tangu lini Mfipa anafundishwa kwamba ulezi si uji. Mwingine alisema ataleta kuni. Yule wa vitumbua alisema atapika Jumanne. Nami nikasema nitapika Jumatano, maana mikono ninayo. Walikuwepo waliosema hawana kitu mwaka huu, wakasema kwa mdomo wao, mbele ya watu, na hilo nililiona gumu kuliko kutoa debe. Wengine hawakusema lolote. Mwenyekiti akataka iandikwe kwamba nao wamekubali. Tukakataa. Aliyenyamaza aandikwe amenyamaza. Na asiye na kitu, tukasema, mtoto wake asirudishwe nyumbani.

Ukatibu nilivuliwa papo hapo, kwa mikono iliyoinuliwa na kuhesabiwa, na mkono wa bibi ulikuwa miongoni mwao. Wakampa kijana mmoja fundi simu. Aliandika haraka, mwenyekiti akasema tusaini twende, jua limesogea, watu wana mashamba.

"Asome kwanza," nikasema.

"Wewe tena?"

"Asome."

Akasoma. Ulezi ulikuwepo, kuni zilikuwepo, zamu za kupika zilikuwepo. Nilisubiri. Alifika mwisho, akasema kikao kilifungwa kwa sala.

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wasiochangia. Tumekubaliana hawarudishwi. Hilo hujaliandika."

"Lakini si linaeleweka, sista."

Nikamwambia halieleweki. Nikamwambia mwanangu ana siku tano nyumbani kwa ajili ya jambo lililoeleweka. Watu walikuwa wamesimama tayari, wanakung'uta kanga, wananisonya. Mtu akasema huyu mama ana shetani. Nilibaki nimesimama mbele ya ile meza na sikuhama. Mwalimu mkuu ndiye aliyemwambia kijana, kwa sauti ndogo, "Andika." Akaandika: *hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.* Nikamfanya asome tena kwa sauti. Kisha nikasaini kama mzazi, namba yangu katikati ya wengine.

Jumatatu mwanangu aliondoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi nzima nilikuwa natega sikio njiani. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Alirudi saa nane na nusu, midomo imekauka.

"Uji haukupikwa. Wameleta kuni tu na ulezi kidogo. Wenzangu wanasema mama yako ndiye kauzima moto."

"Ukasemaje?"

"Sijasema kitu. Mwalimu alikuwa anafundisha."

Nilimpa ugali wa jana na maharage. Alikula akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine unafungua daftari. Nilitaka kumweleza kwamba Jumatano ni zamu yangu, kwamba nitawasha huo moto hata kwa ulezi wa kikombe kimoja, kwamba nilichofanya nilikifanya kwa ajili yake. Njaa ile niliisababisha mimi, kwa mkono uleule. Nikamwongezea maharage.

"Mama, kesho nitachelewa. Waliokosa wiki iliyopita tunabaki, mwalimu anatufundisha kugawanya upya."

"Chelewa," nikamwambia. "Chelewa tu."